Disketi Moja Inatosha

Jumatatu, 20 Oktoba 2003

Siku kubwa. Naandika kwa kalamu nyekundu.

Mzee Fakhruddin kaniita dukani kwake Mikindani. Kanunua kompyuta tatu za mtumba: moja ya hapo hapo, moja ya duka lake la Msimbati, moja ya duka la Mahurunga. Sasa anataka programu ya kumwambia nini kipo na nini kimekwisha. Misumari, nyavu, majembe, kamba za kushonea magunia ya korosho. Nikajua kazi ni yangu. Mtwara hii, nani mwingine?

Kumbe yupo. Sajid, mtoto wa dada yake, karudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha chuo. Kakitia kwenye fremu. Fremu! Mimi kompyuta nimejifunza kwa kupasua moja iliyokufa na kuifufua, na sina fremu hata ya picha ya harusi.

Mzee kasema hatapendelea damu. Kila mmoja atengeneze programu yake. Itakayofungwa kwa urahisi kwenye maduka yote matatu ndiyo atakayoichukua. Na ana sharti: fundi asiguse. Muuzaji apewe disketi, aifunge programu mwenyewe, fundi akae nje. Kasema amechoka na mafundi ambao wao wakitoka mlangoni tu, kifaa nacho kinakata roho.

Halafu, huku anapangusa miwani, kaongeza kwamba atakayeshinda atakaa kwenye kile chumba cha Rahaleo.

Kile chumba ni changu! Nimekipanga kwake tangu nilipokuwa na taipureta moja isiyopiga herufi R. Miaka miwili nilisaini barua za watu kwa jina la "amadhani". Leo ubao uko mlangoni: INJINIA R. CHINGUILE, KUCHAPA NA KOMPYUTA. Nikishindwa, tarehe 4 Novemba, siku ya hukumu, nabeba meza yangu kichwani mpaka kwetu Mahurunga, nikalime mihogo na kaka yangu Hassani, ambaye tangu nilipoondoka anangoja nirudi ili aseme, "Si nilikwambia?"

Husna, mke wangu, kauliza nani alinipa uinjinia. Nimemjibu nimejipa mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kuninyang'anya.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimechagua silaha.

Ninazo zana tatu za kutengenezea programu, zote kwenye sidii alizoniletea shemeji. Zina majina ya Kizungu marefu kama treni. Nimezipa ya kwangu.

Ya kwanza ni Bibi Harusi. Mzuri, sikatai. Unachora dirisha kwa mausi kama unavyochora hina. Lakini programu yake haitoki nyumbani peke yake. Lazima ifuatane na mafaili: somo, mashangazi, wabeba mikeka, wapiga ngoma. Msafara mzima unajaza disketi tisa. Shangazi mmoja akiachwa njiani, Bibi Harusi anakaa chini na kugoma.

Ya pili ni Mpangaji. Programu yake ni ndogo, disketi moja inabaki na nafasi. Lakini haikai mahali mpaka kwanza umjengee nyumba, yaani mtambo mzima wa kumhifadhi, kwenye kila kompyuta. Nyumba hiyo ni kubwa kuliko nafasi iliyobaki kwenye mashine ya Msimbati. Nimepiga hesabu mara mbili. Ingebidi nifute hata mchezo wa karata, na Mzee akienda Msimbati huwa anaucheza.

Ya tatu ni Kibegi. Mkali. Ukisahau nukta mkato moja tu anakusimamisha kama askari wa kizuizini. Lakini kila kitu kinaingia ndani ya faili moja. Moja! Hakuna shangazi, hakuna nyumba. Faili kwenye disketi, disketi mfukoni, mfuko kifuani, unakwenda zako. Likifika linaamka.

Disketi inabeba kilobaiti 1,440. Programu yangu haitapita 1,250. Nafasi ya kupumulia ipo.

Basi, Kibegi. Sajid bila shaka atachukua Bibi Harusi. Watoto wa chuo wanapenda sura.

Nimekutana naye sokoni. Kaniamkia vizuri mno: "Shikamoo, Fundi." Fundi! Ubao unasema Injinia. Kaniuliza kwa upole yangu itachukua muda gani kuinstoli. Kuinstoli! Nimemwambia hapa kwetu programu haiinstoliwi, inafungwa, kama injini inavyofungwa kwenye boti. Kiswahili kina maneno yake, mwanangu. Kasema asante, amejifunza. Adabu yake ndiyo inayonikera.

Alhamisi, 23 Oktoba

Imekamilika! Nimeipa jina RAMA-DUKA. Kilobaiti 1,212. Ningekuwa na ng'ombe ningechinja.

Kasoro moja tu: ni rahisi mno. Unaweka disketi, unabofya, duka hilo mbele yako. Husna kaitazama, kauliza, "Ndo hiyo tu?" Hiyo "tu" imenichoma. Mtu hathamini kitu ambacho hakijamsumbua hata kidogo. Daktari asiyekuvua shati, unamwona daktari?

Basi nimeiongezea adabu. Sasa programu ikiamka inapiga hodi kwanza. Kioo chote kinakuwa kijani, na herufi nyeupe, kubwa kama za ubao wa kampeni, zinauliza:

UMEFUNGA?

Chini yake vitufe viwili, NDIYO na HAPANA. Kama bado hujaifunga programu, unabofya Hapana, nayo inajifunga yenyewe: inachonga droo yake ndani ya kompyuta, inaweka bidhaa humo, inaanza kazi. Kama ulikwisha kuifunga, unabofya Ndiyo, nayo inakwenda moja kwa moja kwenye droo. Neno moja. Kiswahili safi. Mtoto wa chekechea anaelewa.

Husna kajaribu. Hapana. Ikajifunga. Nimeifuta, kajaribu tena. Ikajifunga. Majaribio matano, matano sahihi. Hiyo ni asilimia mia. Sajid ana fremu, mimi nina asilimia.

Nimeupaka ubao rangi upya. INJINIA sasa inaonekana toka kisimani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Jaribio la Mikindani. Muuzaji ni Mama Batulbai, mke wa Mzee mwenyewe.

Wao Ramadhani wameshaanza; wanakwenda kwa kalenda yao ya hesabu, hawangoji mwezi uonekane. Sisi bado. Nilisahau, nikaingia natafuna andazi. Mama kalitazama andazi lile mpaka nikalitia mfukoni, juu ya disketi. Mzee kanong'ona kwa sauti ya kusikika, eti Ramadhani gani huyu anaingia na andazi.

Nimeifuta disketi mafuta kwa pindo la shati, nimempa, nimetoka nje kama sharti lilivyo. Nimesimama barazani najiandaa kupongezwa. Nilikwishachagua uso wa kupokea pongezi: wa mtu aliyezoea.

Mama kaniita. Imekufa! Kioo cheusi, na maneno niliyoiwekea ya kuagana ikikosa droo: DROO HAIKUONEKANA. KWAHERI.

Nimekaa mimi kwenye kiti. Nimeifunga mwenyewe. Imekubali bila kinyongo. Mzee kaniamuru niifute, ya kufungwa na fundi haihesabiki. Mama kajaribu mara ya pili, mimi niko nje. KWAHERI. Nimemuuliza kwa heshima kama ameisoma vizuri. Kasema kusoma anajua, kaulizwa swali, kajibu ukweli, na uongo hasemi mwezi wowote, sembuse mwezi huu.

Namsadiki. Basi programu nzima, mashine nzima, kilichobaki ni mikono. Nikaitazama. Bangili sita za dhahabu kila mkono! Dhahabu na umeme, mtu yeyote anajua. Nimemwomba azivue. Kauliza kama mimi ni fundi wa kompyuta au kibaka.

Nimerudi Rahaleo na andazi langu. Disketi bado inanuka iliki.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mwezi umeonekana jana. Leo sote tumefunga.

Nimefunga tangu alfajiri, na hapo hapo nimefunga programu mara kumi kwenye mashine yangu, tumbo tupu, midomo mikavu. Mara zote kumi imekubali. Programu haina kosa. Nimemwambia Husna hivyo. Nimemwambia na jirani. Jirani hakuuliza.

Sajid kapita mbele ya mlango na boksi la disketi kwapani. Tisa! Nimezihesabu. Msafara wa Bibi Harusi kamili, kama nilivyotabiri. Nikapiga mluzi wa ngoma ya kusindikiza harusi. Kanipungia mkono.

Jumatano, 29 Oktoba

Msimbati. Aibu. Lakini si yangu.

Nimekwenda na gari la Mzee, juu ya mafungu ya nyavu. Duka la huko lina jenereta, na muuzaji ni Mwanakombo, mke wa kijana mvuvi, mwanamke mwenye akili, anayejua bei ya kila ndoana bila kutazama. Nilikuwa na matumaini makubwa naye. Tena hana bangili.

Kioo kinatazama mlangoni. Mlangoni pana benchi. Kwenye benchi, baba mkwe wake, Mzee Yusufu, na wavuvi kadhaa waliojipumzisha kungoja magharibi. Nimempa disketi, nimetoka, nimekaa nao kwenye benchi. Kioo kikawa kijani. Wote tukasoma: UMEFUNGA?

Mwanakombo kaganda. Kamtazama baba mkwe. Kavuta kanga hadi puani. Halafu kanyanyuka bila kubofya chochote, kasema mashine hii haina adabu, nani kaifundisha kumuuliza mwanamke mambo kama hayo mbele za watu!

Haina adabu? Adabu ndiyo niliyoiongeza!

Nimemtuliza. Nimemwambia ni swali la kawaida tu, kila mtu analijibu, hata Mama Batulbai kalijibu. Nimemwambia kama anaogopa kugusa mausi, aseme tu kwa sauti kutoka hapo alipo, Ndiyo au Hapana, sote tusikie, mimi nitambofyea.

Wavuvi wakaanza kuangalia bahari, wote kwa pamoja. Mzee Yusufu kaniambia kwa sauti ya chini kwamba gari linaondoka. Gari lilikuwa halijaondoka. Kasema linaondoka. Alikuwa ameshika kasia. Disketi nimeiokota kwenye ndoo ya chambo.

Nyumbani, Husna kaniuliza maneno hasa yaliyokuwa kwenye kioo. Nimemwambia. Kakaa chini kwenye mkeka, kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Nikadhani analia kwa ajili yangu, nikaguswa. Kisha kasema, "Baba Somoe, hilo neno lako..."

Nimemkata hapo hapo. Nimemwambia nimefunga, nina njaa, nina kiu, nimekaa juu ya nyavu kutwa, na sitaki mtu wa kunifundisha Kiswahili. Kasema haya. Kaenda kukaanga kaimati. Mabega bado yanatikisika.

Ijumaa, 31 Oktoba

USHINDI!

Mahurunga. Muuzaji ni Josephu, tuliyecheza naye utotoni. Nilipoingia alikuwa kainama nyuma ya majembe anakula muhogo wa kuchoma kwa kujificha, asitutamanishe sisi tuliofunga. Mkristo mwenye heshima zake. Kafuta mkono, kapokea disketi, mimi nikatoka. Sikufika hata kwenye mpapai. Kaniita: tayari, mkwe. (Tunaitana mkwe kwa utani, hakuna binti.) Nimeifuta, karudia. Tayari. Mara ya tatu. Tayari!

Nimemkumbatia. Nimemuuliza amefanyaje. Kasema hakufanya lolote, mashine imemuuliza kama amefunga, yeye kajibu hapana, si ninamjua. Nimemwambia sawa sawa kabisa, hivyo hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kanitazama kidogo, kasema Mungu akipenda. Mtu mwema, ila mazungumzo yake hayana kichwa.

Njiani nikakutana na kaka Hassani. Hakunisalimu. Kaniuliza meza iko wapi.

Nimerudi nikiwaza. Programu moja, disketi moja, matokeo tofauti. Lazima ipo sababu, na sababu ni hesabu. Nikazipanga. Mikindani: kutoka dukani mpaka maji ya ghuba ni hatua chache, ukitema mate yanaelea. Imekataa. Msimbati: duka liko juu ya mchanga wenyewe. Imekataa, tena kwa ukali zaidi. Rahaleo: bahari iko mbali kidogo. Imekubali. Mahurunga: hakuna bahari, ni mto Ruvuma, maji matamu. Imekubali mara tatu.

CHUMVI!

Upepo wa chumvi unaingia kwenye kompyuta na kula droo. Ndiyo maana haionekani! Hakuna chuo kinachofundisha hili. Nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika ukutani, bila fremu.

Nimemweleza Husna. Kaniuliza Mwanakombo alikasirishwa na chumvi? Nimemwambia chumvi inapandisha presha, kamuulize daktari yeyote.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekwenda Mikindani kuondoa chumvi. Dawa ya chumvi hewani ni mkaa. Mkaa unanyonya kila kitu. Nimeufunga mkaa kwenye vitambaa, nimeizungushia kompyuta vifurushi saba, juu yake nailoni, nailoni nimeikaza kwa mpira wa baiskeli. Kazi nadhifu. Imefanana na mzigo wa kwenda Msumbiji.

Kumbe kompyuta inapenda kupumua. Baada ya muda ikaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa. Nailoni ikayeyuka kidogo upande mmoja. Nikaivuta kwa haraka, vifurushi vikapasuka, na vumbi la mkaa likaenda lilikotaka. Lilitaka kitambaa cheupe cha kufuma, ambacho Mama Batulbai amekifuma miezi minne kwa ajili ya Idi.

Hakupiga kelele. Kasema tu, kwa utulivu, kwamba Jumanne yeye hatagusa kitu chochote kilichoguswa na Ramadhani, na kama Mzee anataka kufunga programu, akafunge mwenyewe.

Mzee mwenyewe kwenye kiti! Mambo yamenyooka. Mzee havai bangili.

Jumanne, 4 Novemba

Nitaandika yote. Historia itapima.

Dukani Mikindani: Mzee kwenye kiti, Mama Batulbai amesimama mbali kama aliyekuja kutazama moto, Sajid na boksi lake, Josephu aliyekuja na gari kuchukua misumari. Husna naye kaja. Nilimwambia asije. Kasema hili halikosi kwa dunia na vilivyomo.

Sajid alianza. Bibi Harusi akaingia mjini. Disketi ya kwanza, ya pili, ya tatu, Mzee anaingiza na kutoa kama mtu anayelisha mashine ya kukoboa. Kila moja ikisema kwa maandishi manene: INSTOLI INAENDELEA. Neno baya, linachubua sikio. Ya saba ikakwaruza. Ikakwaruza tena. Faili halikuonekana. Shangazi kabaki njiani! Sikucheka. Nilikohoa kwa muda mrefu.

Sajid kakiri mbele ya wote kwamba hana nakala nyingine ya ile disketi ya saba. Mzee kanigeukia.

Nimeitoa moja. Mfukoni. Kifuani. Nimesema maneno niliyoyaandaa tangu juzi: "Mzee wangu, disketi moja inatosha." Nikatoka, nikasimama dirishani. Chumba cha Rahaleo kiko mbele ya macho yangu, na meza yangu, na ubao wangu. Nikasema moyoni, Hassani atangoja sana.

Kioo kikawa kijani. Mzee kashusha miwani, kasoma kwa sauti:

"Umefunga?"

Uso ukamlainika. Kaweka mkono kifuani, kaiambia kompyuta, "Alhamdulillahi, nimefunga. Tangu mwezi uanze hakuna mtu aliyeniuliza hali yangu hata mmoja." Na kwa furaha kabisa akabofya NDIYO.

DROO HAIKUONEKANA. KWAHERI.

Wa kwanza kuanguka ni Husna. Alianguka kweli, juu ya gunia la misumari, kanga mdomoni. Josephu kapiga mikono pamoja, kasema kumbe! Ndiyo maana yeye ilimkubali, yeye si alikuwa na muhogo! Mama Batulbai akaketi. Akasema yeye amejibu ukweli mara mbili na mara mbili ametukanwa kwaheri. Akaanza kucheka naye, na vumbi la mkaa juu ya kitambaa likaruka.

Nimesimama dirishani nikiwatazama. Ilinichukua muda. Sitaandika muda gani.

Husna ndiye aliyeeleza habari ya Msimbati, akimnong'oneza Mama Batulbai sikioni: zipo siku mwanamke hafungi, na hizo si siku za kutangaziwa kwa herufi za kampeni mbele ya baba mkwe. Mama Batulbai kaacha kucheka, kanitazama, kasema nikamwombe radhi binti wa watu. Nimesema nitakwenda. Kasema na kitambaa je. Nimesema nitanunua kingine. Kasema hakinunuliwi.

Sajid hakucheka. Karudi pale pale na adabu yake. Kauliza kwa nini programu haiangalii yenyewe kama droo ipo au haipo, badala ya kumuuliza mtu. Swali la kitoto. Nimemjibu mgeni hachungulii chumbani, anauliza mwenyeji. Kasema lakini Fundi, hiyo si nyumba, ni kompyuta. Mzee naye kacheka, machozi yakamtoka, kavua miwani.

Kisha katoa hukumu. Kasema tisa ni nyingi, moja ni nzuri. Disketi ni ya Ramadhani. Ila maneno yote yanayoonekana kwenye kioo ataandika Sajid. Yote. Na chumba cha Rahaleo kina nafasi ya meza mbili.

Kwa hiyo nimeshinda. Nikitazama kwa makini, nimeshinda na kupewa karani wa maneno mwenye cheti.

Husna njiani kaniuliza kama nimefunga. Kauliza mara nne.

Alhamisi, 27 Novemba

Idi imepita. Mambo ni mazuri.

RAMA-DUKA inafanya kazi kwenye maduka yote matatu. Sajid kaondoa swali, programu inachungulia droo yenyewe, kama mwizi, na inaandika "Instoli imekamilika." Kila nikipita Mikindani nageuza uso. Kwa Mwanakombo nilikwenda, nikaomba radhi, nikiwa na kanga mpya iliyochaguliwa na Husna. Kapokea. Mzee Yusufu alikuwepo, na kasia.

Sajid ana meza karibu na mlango, palipo na jua. Fremu yake ameitundika. Ubao wa nje unanitaja mimi peke yangu. Kauliza kama nami ningependa fremu ya karatasi yangu ya chumvi. Nadhani alikuwa ananiheshimu.

Sasa kazi mpya, tena kubwa, na hii ni yangu peke yangu. Nesi Mwanahamisi, binamu yake Husna, ana kliniki ndogo ya wajawazito. Anataka programu ya kadi za akina mama. Nimechagua zana mpya kabisa, siku nzima ya kulinganisha. Inalikunja faili lote likawa dogo, kilobaiti 640, na likifika kwenye kompyuta linajikunjua lenyewe, bila kumuuliza mtu swali lolote. Lolote! Nani anasema sijifunzi? Ndiyo, Hapana, vyote nimetupa. Mtu hawezi kukosea kujibu swali ambalo halikuulizwa.

Lakini mtu anahitaji kujua kinachoendelea. Kwa hiyo kioo kitakuwa cha waridi, herufi kubwa, na spika itapiga tarumbeta. Nesi kasema kompyuta itakaa kwenye kaunta, inatazamana na benchi wanakokaa akina mama kungoja zamu. Vizuri! Wote waone. Na sikutaka "kujikunjua", ni neno la mikeka. Faili lilikuwa limefungwa, sasa linajifungua. Kiswahili safi.

Likianza litasema: INAJIFUNGUA. MSIGUSE. Likimaliza: HONGERA, IMEJIFUNGUA SALAMA. Na disketi ikiwa mbovu, kwa herufi nyekundu na tarumbeta ndefu: IMESHINDWA KUJIFUNGUA. ZIMA, ANZA UPYA.

Sajid kaomba ayasome maneno kwanza. Nimefunika kioo kwa kanga. Husna kauliza pia, nimemwambia atayaona siku ya ufunguzi, pamoja na akina mama wote.

Ramadhani imekwisha. Safari hii hakuna aliyefunga. Nani atakosea?